Mjadala: Tenisi ya mtaani Uganda, tuwaachie watu wa kujitolea?

Mwanzisha mada, Jinja

Ndugu zangu, naleta hoja hii tuijadili bila matusi. Leo hapa Uganda ukitaka mtoto wako acheze tenisi, ama uwe mwanachama wa klabu, ama umlipe kocha kwa saa. Viwanja vizuri vinahesabika, na ukiuliza, utatajiwa kwanza Lugogo kule Kampala. Mtoto wa mitaa ya watu wa kipato cha chini hapa Jinja, kama Walukuba au Masese, aanzie wapi?

Msimamo wangu: kila mji uwe na chama kidogo cha kujitolea, wazazi, walimu na wachezaji wa zamani, kiombe viwanja vya shule jioni na kufundisha watoto wadogo bila ada.

Wengi watasema hatuna viwanja. Kiwanja kamili cha mchezaji mmoja mmoja ni mita 23.77 kwa 8.23, ila mtoto wa miaka saba hakihitaji. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina mipira ya hatua kwa hatua: mwekundu kasi yake ni pungufu kwa asilimia 75 kuliko ule wa njano wa kawaida, wa chungwa 50, wa kijani 25. Tangu 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake hayachezwi tena kwa mpira wa njano wa kawaida. Kwa mpira mwekundu, mita 11 kwa 5.5 zinatosha, na wavu wa sentimita 80.

Chukueni uwanja wa netiboli wa shule yoyote. Lazeni viwanja vinne vidogo kwa upana wake, mvute kamba moja kutoka goli hadi goli, mning'inize vipande vya gunia. Kamba hiyo moja ndiyo wavu wa viwanja vyote vinne. Ardhi tu iwe imeshindiliwa, maana kwenye nyasi mpira mwekundu haudundi. Hapo watoto 16 wanacheza kwa pamoja, wawili wawili kila upande.

Kocha, Kampala

Kaka, hesabu yako ya uwanja naikubali. Ya watu hapana. Sisi makocha wengi tulianza kwa kuokota mipira ya wanachama wa klabu, tukajifunza kwa kutazama, na leo raketi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ndizo saa zangu za riziki. Ukija na somo la bure saa hizohizo, mzazi aliyekuwa akinilipa atakuja kwako, na simlaumu.

Halafu watu wa kujitolea huchoka. Muhula wa kwanza wako kumi, mvua zikianza wanabaki watatu, kisha anabaki mmoja mwenye funguo za stoo. Mtoto ameshashika raketi vibaya, na kumrekebisha ni kazi kuliko kumfundisha upya.

Afande mstaafu, Bombo

Kocha, kila taaluma ina mlango wa kuingilia. Agosti 2025 tulikuwa Namboole kwa CHAN, na AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Tanzania. Macho na fedha za serikali viko kwenye mpira wa miguu. Tenisi ikingoja zamu yake, wajukuu zangu watazeeka. Angalieni Angella Okutoyi wa Kenya: amelelewa na nyanya yake kwenye makao ya watoto Nairobi, na mwaka 2022 akatwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon.

Kocha, Kampala

Afande, kwa heshima, huyo binti alipita kwenye mikono ya makocha wa kazi na msaada wa shirikisho la kimataifa. Kipaji chake kilipata watu waliolipwa kubaki naye miaka yote hiyo. Mimi nasema hivyohivyo.

Mama wa wasichana wawili, Mbale

Mnabishana juu ya mpira na riziki, mimi nauliza nani atabaki na binti yangu uwanjani magari yakishaondoka? Mtu kusema anajitolea hakunitoshi. Nataka jina lake lijulikane kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa mwalimu mkuu, na asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na watoto. Mmojawapo awe mwanamke. Wasichana wakifika miaka 12 au 13 huacha kwa sababu hakuna pa kubadilishia nguo na kila anayepita njiani anawatazama. Chama kisichokuwa na mama ndani hata hakitajua kwa nini wameondoka.

Mwanzisha mada, Jinja

Dada, masharti yako yatangulie hata kabla ya kununua mpira. Bila hayo chama kisifunguliwe.

Kocha, sikubali kwamba tutakunyang'anya riziki. Anayelipa kwa saa klabuni si mzazi wa Masese. Ila kuhusu kuchoka umesema kweli, na ndiyo maana napendekeza hivi: watu wa kujitolea waishie mpira mwekundu. Mtoto akifika wa chungwa, ashike kocha, na michango ya chama ilipe posho ya kocha huyo kabla ya fulana na vikombe. Kazi yetu iwe kukuletea watoto wengi ambao usingewaona kamwe.

Walioko Arua, Kasese na Gulu, kuna shule iliyokubali kutoa uwanja wake jioni? Mwalimu mkuu alidai nini?