Kipato cha uhakika: kwa wote au kwa kaya maskini tu? Na chama kikitoka madarakani?

Mkorosho Mkongwe (Newala)
Wakuu, tulinganishe. Huko nje kuna vyama vinavyotaka kila mwananchi apewe kipato cha uhakika. Sisi Tanzania tuna TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia jamii, unaochagua kaya maskini. Huku Kusini ipi ingetufaa? Mimi naegemea ya wote. Mama aliyeezekewa bati na mwanawe lakini hana mkorosho hata mmoja, mkutano wa kijiji unaopanga nani ni maskini utamweka wapi?

Binti Mikindani
Mkuu, kuahidi si kazi. Ontario, Kanada, chama cha Liberal kilianza majaribio ya kipato hicho 2017. Mwaka uliofuata Progressive Conservative wakashika serikali, wakayafuta kabla ya muda wake, na watu walishapanga maisha kwa hela ile. Italia chama cha Five Star kilileta yake 2019 (iliyopima kipato, si ya wote), serikali ya waziri mkuu Meloni ikaiondoa.

Mzee wa Kilwa
Wanangu, mbona Zanzibar mnairuka? Tangu Aprili 2016 aliyefika miaka 70 analipwa pensheni, awe alikuwa mvuvi au mkurugenzi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna anayekagua paa.

Ntwara Kwetu
Shikamoo mzee. Mimi nawaangalia Alaska, lile jimbo la Marekani. Walirekebisha katiba 1976, sehemu ya mapato ya mafuta ikawekwa kwenye mfuko, na tangu 1982 wakazi wanapata gawio kila mwaka, hadi watoto. Vyama vinabishania kiasi, gawio lipo palepale. Na sisi tuna gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo!

Fundi Cherehani, Lindi
Ntwara, Alaska hawafiki hata milioni moja. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61, na gesi ni ya nchi nzima. Ukigawa, kila mtu ataambulia kidogo sana. Bora tuanze na wazee kama Zanzibar, ila iwe sheria.

Mkorosho Mkongwe (Newala)
Wazee sawa, nakubali. Ila msisahau mwezi wa nane. Minada ya korosho bado, ndani hakuna kitu, ada inadaiwa, ndipo mtu anauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya chini nje ya mnada, zikiwa bado mtini. Elfu ishirini ya wakati huo ingemwokolea gunia zima. Mgombea akija kwetu nitamuuliza mawili: italipwa mwezi gani, na ipo kwenye sheria ipi?

Binti Mikindani
La tatu: fungu gani la bajeti.