Taa, feni na spika mpya: jina la Kiswahili au la kubuni?

Mada: Wapo wanaotaka vifaa vya umeme vinavyoagizwa au kuunganishwa hapa Mombasa vipewe majina ya Kiswahili badala ya yale yanayobandikwa viwandani China. Leteni hoja, matusi muyaache nje.

Muuzaji, Mwembe Tayari: La Kiswahili, tena la wazi. Mteja hununua kwa mdomo. Mpe "Brytx" na kila mtu atalitamka lake: Braiti, Britiksi. Akirudi kutaka chaja ya taa ileile, hamuelewani. Simu ndogo zenye tochi watu walizibatiza "mulika mwizi" bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Wakala wa alama za biashara: Kwenye "la wazi" ndipo penye mtego, bwana. KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, hukataa neno linalotaja kifaa au sifa yake. "Taa ya Jua" halisajiliki; ukishalitangaza kwa pesa zako, jirani ataliweka kwenye boksi lake na hutamfanya kitu. Chukua neno la Kiswahili lisilohusiana na kifaa: "Pweza" kwa spika halina kasoro hiyo. Lakini pekua daftari la KIPI kabla ya kuchapa maboksi, si baada. Na angalieni madaraja, yaani makundi ya bidhaa ambamo jina husajiliwa: spika, chaja na pawabenki ni la 9, taa na feni ni la 11. Wengi husajili la 9, wakaongeza feni, wakamkuta mwingine kashakaa la 11. Ombi la usajili likitangazwa, watu wana siku 60 za kupinga. Usajili ni miaka 10, kisha unahuishwa.

Muagizaji, Changamwe: Mimi ni wa kubuni. Mzigo ukivuka mpaka wa Lungalunga kuingia Tanzania, usajili wa Kenya haukufai: kule ofisi za kusajili ni nyingine, Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA. "Pweza" huenda huko lina mwenyewe. Kodak, jina la kamera, lilibuniwa tu hivi hivi mwaka 1888, halina maana yoyote.

Muuzaji, Mwembe Tayari: Kodak lina silabi mbili na linatamkika! Buni, lakini konsonanti zisisongamane, na epuka jina linalotegemea r na l, wengi huzibadilisha. Lijaribu kwa simu: mtajie mtu mara moja, aliandike. Akikosea, tupa.

Wakala wa alama za biashara: Hapo sina ubishi. Ila mwambieni mwenye kiwanda alichonge jina kwenye moldi, ile kalibu ya kutengenezea plastiki. Wino juu ya plastiki ya chaja hufutika kwa jasho la mikono, na chaja isiyo na jina ikiungua hamjui ni yenu au ya bandia.