Land Rover 109 Series III: breki ya nyuma kushoto imezibwa, kopo limejazwa oili nyekundu, nianzie wapi?

Isyesye109
Habari wakuu. Gari ni 109 Series III ya petroli, iko Mbeya. Mmiliki aliyepita ameacha haya: paipu ya breki ya nyuma kushoto imekunjwa na kugongwa nyundo hadi ikaziba, kopo la breki lina oili nyekundu, themostati (vali inayozuia maji ya injini hadi yapate moto) haipo, na taa kubwa zimeungwa kwa waya za kusokota huku fyuzi ikiwa imefungwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Breki zikipata moto haziachii. Nikibadilisha mipira ya masta (silinda kuu ya breki) peke yake itatosha?

FundiUyole
Haitoshi mkuu, na gari hilo lisishuke Mlima Nyoka wala Kitonga kwa sasa.

Pima kwanza. Weka maji kwenye glasi, dondoshea ile oili. Maji ya breki (DOT 3 au DOT 4) huchanganyika na kupotea. Oili ya giaboksi au ya stelingi itaelea juu kama mafuta ya kupikia. Ikielea, mipira yote imeshainywa na kuvimba. Ndiyo maana haziachii: mpira wa masta uliovimba huziba kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo, presha inabaki ndani, shuu zinaendelea kusugua dramu, joto linapanda na zinazidi kubana.

Kila chenye mpira kitoke: masta, silinda 6 za magurudumu (109 ina 2 kwa kila gurudumu la mbele na 1 kwa kila la nyuma) na hozi 3. Mpira uliovimba haurudi hata uuoshe vipi. Paipu za chuma ambazo hazijaliwa na kutu zifungue ncha zote mbili, pitisha spiriti, puliza kwa kompresa, rudia hadi kitambaa cheupe kwenye ncha kisipate wekundu. Usioshee petroli wala dizeli, nazo zinaharibu mpira uleule.

Ile iliyogongwa weka nzima mpya ya inchi 3/16. Usiikate na kuiunga kwa kulehemu. Angalia nati zake: Series III za mwanzo ni 3/8 UNF (uzi wa inchi), za mwishoni ni M10 (uzi wa milimita). Nati ya 3/8 ni milimita 9.5, kwa hiyo kwenye tundu la M10 inaingia ikicheza, unadhani imekaza, kumbe siku ya kukanyaga kwa nguvu inachomoka.

Halafu tafuta kwa nini ilizibwa. Mara nyingi silinda ilikuwa inavuja, au sili ya habu inamwaga oili kwenye shuu. Shuu iliyolowa ibadilishe, kulia na kushoto pamoja.

Kabla ya kutoa upepo, kaza ajasta zote (za kusogeza shuu kwenye dramu) hadi magurudumu yagome kuzunguka. Kisha toa upepo ukianza nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ukimaliza legeza ajasta hadi gurudumu lizunguke huru.

WayaMbili
Nyongeza kwenye taa. Taa 2 za wati 60 zinavuta ampea 10. Karatasi ya sigara haikatiki, kinachoungua kwanza ni waya. Toa hasi ya betri, kisha fuata rangi za Lucas: bluu na nyeupe ni taa ndefu, bluu na nyekundu ni fupi, nyeusi ni ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), kahawia ina moto muda wote hata ufunguo ukiwa umezimwa. Rudisha saketi moja, ijaribu, ndipo uguse nyingine. Ethi ndiyo inayosumbua zaidi, maana bodi ni aluminiamu na bolti ni chuma, zinalana. Washa taa, pima kati ya hasi ya betri na ethi ya taa: ikizidi volti 0.2, kwangua na ufunge upya.

Isyesye109
Nimepima kwa glasi, imeelea. Na themostati? Kuna fundi kasema huku milimani haihitajiki.

FundiUyole
Inahitajika hasa kwa baridi ya huku. Bila hiyo injini haipati moto wake, chok inavutwa muda mrefu, petroli inashuka kwenye oili na kuipunguza nguvu. Weka ya nyuzi 82. Ijaribu kwenye sufuria ukiwa na kipimajoto, na ikianza kufunguka karibu na 82 ni nzima. Usingoje ifunguke yote, Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.