Naomba ushauri: duka la maua na vikapu vya zawadi, nianzie wapi kupunguza taka?

Mama Waridi
Habari za jioni wadau. Nina duka dogo hapa Dar, nauza mashada ya maua na vikapu vya zawadi: korosho, asali, kahawa, viungo vya Zanzibar, matunda, pengine na keki. Kampuni moja inayochukua vikapu kwangu kila mwisho wa mwaka imeniletea fomu. Kabla hatujasaini mkataba mpya wanataka niandike ninafanya nini kuhusu mazingira.

Maneno matamu ya kujazia fomu sitaki. Nikifunga duka naona kinachotoka: mashina na majani, sponji za kijani za kuchomekea maua zilizotumika, naironi ng'avu za kufungia vikapu, riboni, matunda yaliyoanza kulainika. Gari la taka linabeba vyote pamoja. Nataka niandike kitu ninachokifanya kweli, ila faida kwenye kikapu ni ndogo, siwezi kubadili kila kitu kwa mpigo. Nianze na kipi? Kuna wanaoniambia niachane na maua mabichi niuze ya plastiki, eti yanadumu. Mnasemaje?

Mpamba Ukumbi
Dada, anza na sponji. Ile tunayoiita oasis ni plastiki, tena ya aina inayovunjikavunjika kuwa chembe ndogo kila ukiikata au kuiloweka. Maji yale ukiyamwaga kwenye mtaro, chembe zinaishia baharini. Haiozi na haichakatwi tena. Chama cha bustani cha Uingereza, RHS, kilishaipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021, na wapambaji wa kule wanaendelea kutengeneza mapambo makubwa kuliko ya kwetu.

Mimi natumia wavu wa kuku. Nakata kipande, naukunja uwe kama mpira, nauweka ndani ya chombo, mashina yanashikiliwa na matundu. Wavu uleule unaoshwa na kurudi kazini hadi uchakae. Na maua yanakunywa maji ya kutosha. Kwa meza ndogo hata wavu huhitaji: funga mashina kwa kamba ya katani, tumbukiza kwenye mtungi wa kioo. Ugumu uko kwenye mashada ya msibani na mapambo ya kulazwa. Hapo tandaza majani makavu au ukoka, kisha funga kwa waya.

Wakili Mdogo
Mimi nitagusa naironi. Wengi wanadhani katazo la Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya kubebea peke yake. Kanuni zile zinakataza pia kuuza vinywaji au bidhaa nyingine zikiwa zimefungwa kwa plastiki, isipokuwa pale asili ya bidhaa inapolazimu. Sasa jiulize mwenyewe: chupa ya asali na pakiti ya korosho tayari zina vifungashio vyake. Ile naironi kubwa ya juu inalazimu nini? Kazi yake ni urembo tu. Ningekuwa wewe ningeanza na hiyo, maana ina gharama na ina sheria juu yake.

Wauzaji wengine watakwambia karatasi yao ng'avu ni selofani halisi ya miti. Omba kipande ukichome: ya miti inaungua kama karatasi na kuacha jivu, ya plastiki inajikunja na kuyeyuka tone kwa tone.

Mama Waridi
Ahsante kaka. Lakini wateja wananiambia bila naironi kikapu kinaonekana hakijakamilika, na vumbi la bodaboda je?

Bint Chake
Shoga yangu, funga kwa khanga! Zawadi juu ya zawadi. Mpokeaji anapata vitu vyake, na kitambaa kinaingia kabatini. Kama oda ni ya kampuni na bei inabana, tumia kaniki au vipande vya kitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Vumbi halipiti.

Na kwa vyombo vyenyewe usihangaike kutafuta mbali. Kwetu halua huwekwa kwenye vikapu vidogo vya ukili tangu enzi za bibi zetu. Maua nayo: kikuba cha asumini, kilua na mrehani hakina hata nyuzi moja ya plastiki, na chumba kizima kinanukia. Weka kikuba kimoja juu ya kila kikapu cha Idd, uone kama kuna atakayeulizia riboni. Angalizo moja, ukili hupata ukungu mahali penye unyevu. Anika juani kabla ya kupanga bidhaa, na chakula kisicho kwenye pakiti kisiguse kikapu moja kwa moja, tandika jani la mgomba au karatasi.

Kreti na Chupa
Kikapu kizuri cha kusuka ni ghali, ndiyo maana watu wanakimbilia vya plastiki. Suluhisho tunalo siku zote kwenye soda na bia: chupa na kreti vina pesa yake, ukirudisha unarudishiwa. Hiyo kampuni wapokeaji wake wako ofisi moja au mbili. Wawekee sharti kwamba kikapu kikirudi kikiwa kizima wanakatiwa kiasi fulani kwenye oda inayofuata. Kwa mteja wa mmojammoja sioni kama itafanya kazi, kumfuata Mbagala kwa ajili ya kikapu kimoja ni mafuta ya bure.

Funza na Mboji
Hizo taka nyingine ndizo nyingi kwa uzito, na ndizo rahisi. Majani na matunda yakifukiwa kwenye jalala kama la Pugu Kinyamwezi yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule, ukihesabu miaka 100. Yakioza penye hewa kwenye mboji hali ni tofauti kabisa. Katakata mashina, changanya na maboksi yaliyochanwa, loanisha, geuza. Kama huna nafasi tafuta bustani ya miche iliyo karibu, wengi watapokea kwa furaha.

Ila usimpe mbuzi wala sungura wa mtu mabaki ya mawaridi! Maua ya mashamba makubwa hupigwa dawa ambazo hazikukusudiwa kwa mazao ya kuliwa. Kwa sababu hiyohiyo usiweke petali zake juu ya keki.

Kabla hujafika kwenye mboji, punguza kinachoharibika. Unahifadhi wapi matunda?

Mama Waridi
Kwenye friji moja na maua, ndiyo lenye nafasi.

Funza na Mboji
Tenganisha leo. Ndizi, maembe, parachichi na tufaha zikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inazeesha maua. Maua ya kaneshoni (carnation) ndiyo yanayoumia zaidi. Hata ndani ya zawadi yenye maua na matunda, yakutanishe siku ya kupeleka, si usiku wa kabla yake. Nina hakika sehemu ya maua unayotupa inatoka hapo.

Mkulima Usa River
Kuhusu maua ya plastiki, usikubali. Yanapauka na kuishia jalalani, na mtu wa shambani anakosa kazi. Masuala yetu wakulima yapo, maji na dawa hasa, na una haki ya kumuuliza anayekuuzia anavyovitumia. Ila umbali peke yake usikutishe. Utafiti wa chuo cha Cranfield, Uingereza, wa 2007 ulilinganisha mawaridi 12,000 ya Kenya na ya Uholanzi yanayofika sokoni Uingereza: ya Kenya, pamoja na ndege, yalitoa takriban kilo 6,000 za kaboni dioksidi, ya Uholanzi kilo 35,000, kwa sababu ya kupasha joto na kuwasha taa kwenye vibanda vya kioo wanamokuzia maua. Yako yanakuja na basi, yamekuzwa kwa jua la bure.

Wakili Mdogo
Kwenye fomu usiandike "rafiki wa mazingira", hayo hayapimiki. Nunua mizani, pima taka za kila wiki, andika kilo. Andika kilichokwisha kuanza na tarehe yake, halafu kinachofuata na lini.

Mama Waridi
Mungu awabariki. Matunda nimeshayatoa kwenye friji la maua. Naironi ya juu naiacha kuanzia oda hii, sponji nikimaliza zilizopo sinunui tena. Vikapu vya kurudishwa nitaongea na kampuni wiki ijayo. Nani ananiunganisha na wasukaji wa Iringa, wa vikapu vile vya nyasi za milulu?

Bint Chake
Ndugu yangu anavichukua huko, nakutumia namba inboksi. Wapelekee vipimo na idadi sasa hivi, usingoje Novemba. Vinasukwa kwa mkono, na kila mwenye duka anavitaka Krismasi.