Aliyeua akiigiza Brutus, tumpigie makofi?

Mtoa mada: Wakuu, kuna hoja hapa naona inawagawa watu. Ni sawa mtu aliyefungwa kwa mauaji kupewa jukwaa gerezani, aigize muuaji, na watu wa nje waalikwe kutazama?

Mimi nasema ni sawa, na si kwa sababu eti sanaa hutuliza moyo. Chukueni Julius Caesar, ile tamthilia ya Shakespeare aliyotutafsiria Nyerere mwaka 1963. Brutus, mmoja wa wanaomuua Kaizari, ana sababu nzuri ya kuua na anaieleza vizuri. Lakini tamthilia haimwachii hapo: mzuka wa Kaizari unamfuata hadi hemani, na mwisho anajitupa juu ya upanga. Wengi waliofungwa wana maelezo yao ya kwa nini ilibidi. Kuyarudia maelezo ya namna hiyo kila siku ya mazoezi, huku unajua yanaishia wapi, si mchezo. Ndugu wawili Taviani, watengeneza filamu wa Italia, waliirekodi kazi hiyo katika gereza la Rebibbia, Roma: wafungwa wa ulinzi mkali, wakiwemo watu wa magenge ya mafia, wakisema maneno ya Brutus na mwenzake Cassius kwa lahaja za kwao. Filamu ilitwaa Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka 2012.

Wala si lazima mhusika afanane nawe. Mandela alipoigiza katika Antigone, tamthilia ya Kigiriki ya kale, kifungoni kisiwani Robben, alikuwa Creon, mtawala anayemhukumu binti aliyefuata dhamiri yake. (Najua, yeye alikuwa mfungwa wa kisiasa. Nazungumzia uigizaji.)

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, marehemu umemweka wapi? Huyo hana mstari hata mmoja wa kusema. Watoto wake wanasikia aliyemuua baba yao kashangiliwa ukumbini. Halafu unamfundisha mtu kulia anapotaka, kesho anakaa mbele ya bodi ya parole, ile inayoamua nani aachiwe kabla kifungo hakijaisha. Machozi ya kweli watayajuaje?

Mtoa mada: La bodi ni zito. Napendekeza uigizaji usiandikwe kabisa kwenye faili la kuachiwa, wabaki wanaoutaka wenyewe. Na wapo. Mwaka 1957 waigizaji wa nje walipeleka tamthilia ya Waiting for Godot gereza la San Quentin, Marekani; watu wawili wanamsubiri asiyefika, na ukumbi wa wafungwa ukaelewa bila kufafanuliwa. Rick Cluchey, mwenye kifungo cha maisha, hakuruhusiwa hata kutoka selo; aliisikia kwenye spika tu. Baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha maigizo humohumo.

Kuhusu watoto wa marehemu sina ubishi. Familia iambiwe kabla mgeni yeyote hajaalikwa.

Mchangiaji wa pili: Na ikikataa? Onyesho linafutwa?

Mtoa mada: Linafanyika ndani, bila wageni. Wafungwa wenzake ndio watazamaji wagumu kuliko sisi, maana muuaji wa kuigiza hawezi kuwahadaa.

Mchangiaji wa kwanza: Hiyo ya kuiambia familia sina uhakika nayo. Unapiga simu baada ya miaka kumi na mbili kumwambia mjane kwamba fulani sasa anaigiza? Wenye ndugu waliouawa, kama mpo humu, semeni: mngetaka kuambiwa, au bora msijue?