Viti 22 vilivyobadilishwa: nichukue malipo nusu, nikomae, au wakili?

Mpambanaji_Tz: Wakuu, heshima kwenu. Nilipata kazi ya kupeleka viti vya ofisi 60 kwenye taasisi moja ya serikali hapa Dar, kiti 285,000 bila VAT. Baada ya wiki mbili wakaniita: 22 ni vibovu, ukikaa vinashuka taratibu mpaka magoti yanakaribia kidevu. Nikavibadilisha kwa gharama zangu. Sasa miezi inaingia mitano silipwi, eti "mali iliyobadilishwa ina utata". Mhasibu anasema nikubali walipe vya 38 kwanza, 22 vitajadiliwa. Nichukue hiyo milioni 10 na ushee, nikomae mpaka itoke yote 17.1, au niende kwa wakili? Mkopo wa benki hausubiri.

MamaStoo: Mdogo wangu, umeandika mengi ukaacha ya maana. Nani alikuandikia barua kwamba 22 vimekataliwa? Vipya vilikaguliwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, au uliviacha stoo ukaondoka? Ni modeli ileile ya kwenye LPO, yaani hati yao ya kuagiza? Bila hayo tunapiga ramli.

Kijiko_cha_Chai: Chukua ya 38 ukimbie. Pesa ya serikali ni ile iliyokwishaingia kwenye akaunti.

Wakili_wa_Kijiwe: Kuchukua sehemu si kosa. Kosa ni kusaini karatasi inayosema huna dai lingine. Akilipwa, siku hiyohiyo apeleke barua kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kwamba bado anadai 22, na nakala yake igongwe muhuri masjala. Kesi inawezekana, ila ujue njia yake: notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 naye lazima aunganishwe hata ukiidai halmashauri au wakala, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu tu. Mahakama Kuu kwa milioni 6.27, pima mwenyewe. Muda upo, dai la mkataba lina miaka 6.

Simba_wa_Mbagala: Kwa nini asiende PPAA, Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma? Si ndiyo kazi yao?

Wakili_wa_Kijiwe: Hapana. Kule wanapeleka malalamiko ya mchakato wa zabuni, mfano umeenguliwa kwa hila. Huyu alishashinda, anadai chake. Asome masharti ya mkataba, kifungu cha migogoro.

Babu_Pampu: Ngoja niwape yangu. Nilipeleka pampu 4 za maji kwenye halmashauri moja, hosipawa 3. Moja ikaungua siku ya majaribio. Dukani za 3 zimeisha, nikajitia ukarimu, nikawapa ya 5 kwa bei ileile. Mhandisi akafurahi, akaninunulia na soda. Mtu wa stoo hakuandika mapokezi mapya. Alifuta namba ya pampu ya zamani kwa ile rangi nyeupe, akaandika mpya juu yake kwa biro. Akaja mkaguzi wa ndani, akaushika ule ukurasa akauelekeza dirishani, namba ya chini ikaonekana. Akaniuliza, "Kilichoagizwa ni kipi?" Nikamwambia nimewapa kubwa zaidi. "Sijauliza ukubwa." Vocha ya malipo ikarudi. 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, ikapita, dai likawa deni la mwaka uliopita, likaingia foleni ya uhakiki wa madeni. Miezi 14! Siku ya kulipwa wakakata na ile 2% ya kodi ya zuio. Nauli za basi sijawahi kuzijumlisha, naogopa.

Mpambanaji_Tz: Samahani, nilikuwa barabarani. Barua ya kukataliwa sina, walinipigia simu. Vipya ni modeli nyingine, mgongo wa wavu badala ya kitambaa, kwa sababu ile ya kwanza iliisha kwa mwagizaji. Kamati haikukaa. Nina dilivari noti yenye saini ya mtu wa stoo, Ijumaa jioni. Na vile vibovu bado viko kwao, nyuma ya karakana.

MamaStoo: Subiri kwanza. Taasisi ina viti 82 kwa LPO ya 60?

Mpambanaji_Tz: Ndiyo. Nilienda na kirikuu kuvichukua, getini wakanizuia. Vimeshaandikwa namba za mali ya serikali.

MamaStoo: Basi mchezo wote uko hapo. Nimekaa stoo miaka 19. Vibovu vimo kwenye leja, vipya havimo. Kwa vitabu vyao hujabadilisha kitu. Andika barua kuomba kamati ikae, ivikatae vile kwa maandishi, ikague vipya, na kitengo cha ununuzi kiridhie modeli mbadala. Bila hati ya mapokezi mhasibu hata akikupenda hawezi.

Kijiko_cha_Chai: Kumbe rahisi! Kama vitabu vinasema 60 vilipokelewa, si adai 60 kwa mapokezi ya kwanza?

Wakili_wa_Kijiwe: Hoja tamu. Ila watamkalisha mkaguzi kwenye kiti kimojawapo.

Risiti_Mkononi: Mleta mada, risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ulitoa lini?

Mpambanaji_Tz: Siku ya kupeleka, ya vyote 60.

Risiti_Mkononi: Pole. VAT yake 3,078,000 ilitakiwa tarehe 20 ya mwezi uliofuata, ulipwe usilipwe.

Simba_wa_Mbagala: Usimtishe, anapunguza kwanza VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake.

Risiti_Mkononi: Kama mwagizaji alimpa risiti. Kariakoo hiyo.

Fursa_Tupu: Nina mtu Hazina, njoo inbox.

MamaStoo: Huyo mkimbie.

Fundi_Keko: Hivyo vibovu ni silinda ya gesi tu. Nabadilisha kimoja kwa dakika kumi. Viti vyenyewe vizima.

Mpambanaji_Tz: Viko ndani ya geti, mkuu.

Fundi_Keko: Wakinipa kibali naingia na boksi langu. Nyundo, spana, basi.

Simba_wa_Mbagala: Vile vya wavu vinapatikana wapi? Nataka sita.

Mpambanaji_Tz: Barua nimeshaandika, Jumatatu naipeleka masjala. Mhasibu kapiga tena, anataka jibu la zile 38 kabla ya Ijumaa.

Kijiko_cha_Chai: Chukua.

Babu_Pampu: Soma unachosaini.