Kazi za kanisani: tutoe kifuta jasho, au tuendelee kusema "Mungu atakulipa"?

MWANAMTAA

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta jambo lililougawa usharika wetu wa Kilutheri huku mlimani Kilimanjaro, na nina hakika haliko kwetu tu.

Jumapili tatu zilizopita, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alisoma kazi nne zinazotafuta watu: walimu wa Shule ya Jumapili, wa kudeki kanisa kila Jumamosi, wa kusafisha vyoo, na wa kuwatembelea wagonjwa walio majumbani. Karatasi ikabandikwa mlangoni. Kwenye vyoo hakujiandikisha hata mtu mmoja. Kwenye wagonjwa wakajiandika akina mama wawili, walewale ambao miaka yote ndio wanaokwenda. Pembeni yake palikuwa na karatasi ya safari ya kwaya. Hiyo ilijaa mpaka watu wakaandika nyuma.

Baraza la wazee, ambalo nami nimo, lilipokaa, mmoja akapendekeza kifuta jasho cha shilingi 5,000 kwa zamu. Mwingine akasimama akasema siku kanisa litakapomlipa Mkristo ili afagie nyumba ya Mungu, imani yetu imekwisha. Tukaachana bila uamuzi. Nauliza: ninyi mngeamua nini?

Msimamo wangu sitauficha. Sipendi posho kanisani. Lakini kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyolitumia jina la Mungu kukwepa deni letu. Mmoja wa wale akina mama wawili hupanda bodaboda kwenda na kurudi, hununua sukari na sabuni ili asiingie kwa mgonjwa mikono mitupu, hupiga simu kwa vocha yake mwenyewe. Akirudi tunamwambia "Mungu atakulipa." Huko ni kujitolea, sawa, lakini pia ni kujigharamia, na hivyo ni vitu viwili. Mwenye kipato kidogo kuliko wote ndiye anayelipia sifa ya kanisa zima kuwa na huruma.

Na hilo la "fagia, utabarikiwa"? Mimi naliona ni posho ileile, ila imeahirishwa. Tangu kipaimara tulifundishwa kwamba tumeokolewa kwa neema, bila kununua. Luther mwaka 1520 aliandika kwamba Mkristo ni huru, hana bwana juu yake, na papo hapo kwamba Mkristo ni mtumishi wa wote. Maana yake kazi yangu haiendi juu kumhonga Mungu, inakwenda kwa jirani ambaye ndiye anayeihitaji. Nikimtembelea mgonjwa ili nipate baraka ya kiwanja, yule mgonjwa nimemfanya ngazi.

Sasa watu wanapatikanaje? Someni Nehemia 3, ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya. Sura hii haihubiriwi sana kwa kuwa ni majina matupu, fulani mwana wa fulani, alijenga kutoka hapa hadi pale. Ila ukiisoma taratibu unaona kila mtu alipewa kipande chake chenye mwanzo na mwisho, na wengi walipewa kile kilichoelekea nyumba zao. Shalumu alijenga na binti zake. Lango la jaa, pale taka za mji zilipotokea, lilijengwa na Malkiya, na Malkiya alikuwa mtawala wa mtaa mzima. Wakuu wa Watekoi peke yao walikataa kuinamisha shingo, nao wameandikwa hivyohivyo mpaka leo. Kwetu tunatangaza kazi isiyo na mwisho kwa watu wasiotajwa majina, halafu tunashangaa karatasi haina kitu.

Tazameni pia Matendo 6. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka. Mitume hawakupanda kuhubiri juu ya moyo wa kujitolea. Walisema chagueni watu saba, na majina yao saba tunayo.

Karibuni.

MWINJILISTI MSTAAFU

Wanangu, nawasalimu katika Bwana. Nimekuwa mwinjilisti miaka 31, mitaa mitatu, yaani matawi ya usharika, kwa miguu, na mwingine huo ulikuwa wa kupanda mpaka magoti yanalia. Mshahara ulikuwepo, sikatai, lakini kuna miezi ulikuwa debe la mahindi. Wala sikuona nimeonewa.

Hofu yangu ni hii. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walipoondolewa huku Kilimanjaro na Waingereza mwaka 1920, ni nani aliyeyashika makanisa? Walimu wa vijijini na wazee. Wangeuliza kwanza nani atawalipa, ninyi leo msingekuwa na usharika wa kuubishania. Kifuta jasho cha 5,000 kikiingia, mwakani kitadaiwa 10,000, na mtaa maskini usio na sadaka ya kutosha utakosa mtu wa kuwafundisha watoto. Mtaa tajiri ndio utakaokuwa na watumishi.

Zamani tulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu, mfereji unazibuliwa, barabara inatengenezwa. Nani alilipwa? Na Paulo huko Korintho aliikataa haki yake ya kulipwa, ili Injili isizuiliwe. Huo ndio mfano wetu.

BINTI WA HESABU

Shikamoo baba mwinjilisti. Naomba nikujibu kwa heshima, kwa kuwa mfano wa Paulo mara nyingi unasomwa kwa kuruka mistari.

Katika 1 Wakorintho 9 Paulo kwanza anaijenga haki yake kwa nguvu zote: askari hajigharamii vitani, apandaye mizabibu hula matunda yake, ng'ombe apurapo nafaka hafungwi kinywa. Akishamaliza ndipo anasema, lakini mimi sikuitumia. Haki ilikuwa yake, na mwenye kuiacha alikuwa yeye. Wakorintho hawakuwa na ruhusa ya kumwachisha. Mimi nikisamehe nauli yangu, hiyo ni sadaka. Baraza likinisamehesha, hapo hakuna sadaka.

Kuna jambo jingine ambalo mwanzisha mada hakuligusa, na mimi naliona kila mwezi kwenye vitabu vya hesabu. Tunawachanganya wanaojitolea na walioajiriwa. Mahali ninaposali pana mlinzi anayelinda usiku kucha kwa muda wa saa 12, siku saba. Piga hesabu, ni saa 84 kwa wiki, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45. NSSF hana. Nilipouliza kwenye kikao niliambiwa, "Yule anamtumikia Bwana." Hapana. Yule ana mkataba na sisi, hata kama haukuandikwa. Kwake Yakobo 5 hauna mafumbo: ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya kifuta jasho cha wanaodeki, tumlipe mlinzi. Ukiona vijana hawajiandiki kwenye karatasi, usiseme mara moja wamepoa kiroho. Wanaona tunavyomtendea aliyejiandika zamani.

WA NAKURU

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Mimi ni Mkatoliki, naandika kutoka Nakuru, naomba nichangie kwa ufupi.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikubaliana kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kwetu ni nyumba 14. Mgonjwa akiwa ndani ya nyumba 14 hatuhitaji kubandika karatasi, kila mtu anamjua kwa jina na anajua dawa imeisha lini. Kazi ikitangazwa kwa parokia nzima, kila mtu hudhani mwenzake ameisikia.

Kuhusu malipo, sisi tumeyaona kwa macho. Mwaka 2023 serikali yetu ya Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima na kuwaahidi shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wengi wao ni akina mama waliokuwa wakizunguka vijijini miaka mingi bila chochote. Jirani yangu ni mmoja wao. Pesa haikumfanya awapende wagonjwa kidogo. Ilimwezesha kununua viatu. Shida ilikuja pesa zilipochelewa, kwa sababu ahadi ilishatolewa. Afadhali kutoahidi kuliko kuahidi na kunyamaza. Hilo mliandike kwenye kikao chenu.

MAMA WA WATOTO

Bwana asifiwe. Mimi ni wa usharika huohuo wa mwanzisha mada, nimeutambua kwa ile karatasi ya kwaya. Nafundisha Shule ya Jumapili, mwaka wa 11 huu.

Niwaambie kwa nini nilianza, maana mnajadili mioyo yetu sana lakini hamtuulizi. Mume wangu alilala kitandani miezi saba kabla Bwana hajamwita. Watu wa maombi walikuja, nashukuru. Lakini kuna mama mmoja alikuwa anakuja kila Jumatano. Haombi, haimbi, hakai. Anaingia chumbani, anavua mashuka, anakwenda nayo bombani, anafua, anaanika, anaondoka. Sabuni anakuja nayo yeye. Wiki ya nne nikamwuliza, mama, kwa nini? Akaniambia, "Nilikuona umechoka." Basi. Hakutaja hata mstari mmoja.

Baada ya msiba nilitaka kumlipa, nikaona siwezi. Ndipo nikaenda kwa watoto, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na upungufu. Kwa hiyo baba mwinjilisti, hofu ya pesa niondolee mimi. Hata mkinipa hiyo 5,000 nitaiweka kwenye kalamu za rangi, ambazo sasa hivi nanunua kwa fedha ya ndizi zangu.

Lakini nina neno moja, nalo halihusu shilingi. Miaka 11 sijasikia mahubiri ya ibada ya kwanza. Wakati mnahubiriwa, mimi niko kwenye kile chumba cha nyuma na watoto 60. Ibada ikiisha nawasikia mkisema leo mchungaji amehubiri vizuri. Siku moja nilikaa chini nikalia. Hamkuniuliza kamwe kama nimechoka. Nilipomwambia kiongozi mmoja naomba kupumzika hata mwezi, akaniambia aliyeshika jembe asitazame nyuma. Nikarudi chumbani.

MWINJILISTI MSTAAFU

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Samahani. Mke wangu alifundisha watoto miaka 19, na sikumbuki kumwuliza hilo.

Nabaki na hofu yangu ya posho. Ila neno la jembe lilitumika vibaya kwako.

MWANAMTAA

Nimejifunza mengi, na mahali pawili nimebadilika.

Dada wa hesabu, la mlinzi sikuwa nimelifikiria kabisa. Kwetu yupo mmoja pia. Nitauliza habari zake kwenye kikao, na nitaliuliza kwanza, kabla ya vyoo.

Baba mwinjilisti, nakubaliana nawe kwamba kifuta jasho kwa zamu kitaumiza mitaa maskini, hivyo sitakitetea. Ila msaragambo ulikuwa na upande ambao hatuusimulii sana. Babu yangu alikuwa akizibua mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, na wenzake, na asiyetokea alitozwa faini, na aliyetokea aliyapata maji shambani mwake. Hakikuwa kitu cha hiari tupu kilichotoka hewani. Kila mmoja aliyaona maji yanaingia kwake, na hata mwenye cheo alikuwa na zamu. Kanisani tumebaki na mwito wa baragumu, tukaiacha zamu. Kuna familia hazijawahi kuitwa hata siku moja, na kuna nyingine haziachwi. Hilo ndilo linalozima mioyo, kuliko tamaa ya fedha.

Ndugu wa Nakuru, suala la nyumba 14 nalichukua lilivyo. Wagonjwa wagawiwe mitaani, waondoke kwenye tangazo la jumla.

Nitakachopeleka kwenye baraza ni hiki: nauli na vifaa viingie kwenye bajeti ya usharika, visitegemee mnada wa kuku baada ya ibada, kila kazi iwe na mwaka mmoja, kisha mtu aulizwe kama anaendelea, na akisema hapana aagwe mbele ya washarika kwa shukrani, na vyoo vianze na sisi wazee wa kanisa, miezi mitatu ya kwanza. Najua hilo la mwisho litapingwa. Nimekwisha kuandika jina langu kwenye karatasi, mstari wa kwanza, na mwenzangu mmoja wa baraza ameniambia ataandika la pili.

Mama, sikujua habari ya mahubiri. Nakaa benchi la tatu na nilikuwa sijui. Jumapili hii uingie ibada ya kwanza, ukae mbele. Watoto nitakaa nao mimi na mke wangu. Niambie tu wamefikia somo gani, na ule ufunguo wa kabati la kalamu uko kwa nani.